Kinywa cha Mke Mwenza

Dole gumba la Bi Mwanaidi lilikataliwa dukani Jumatatu asubuhi, mbele ya watu, alipokuwa akinunua sukari na majani ya chai. Kufikia Jumanne binti yake, Nakijwa, alikuwa ameshafunga duka lake la chakula cha kuku kule Moshi, amepanda gari linaloning'inia kwenye waya mpaka Usangi, na sasa anaingia uani kwa mama yake bila kupiga hodi.

"Fungua mdomo," alisema.

"Siku hizi shikamoo imefutwa?" Bi Mwanaidi alikuwa ameketi kwenye kigoda akichambua maharage.

"Shikamoo, mama. Fungua mdomo."

"Mimi si ng'ombe wa mnadani."

Hata hivyo aliufungua, maana alimjua mwanawe. Nakijwa alimshika kidevu, akawasha taa ya saa yake na kuchungulia. Meno yalikuwa ya kahawia, kama ya watu wengi waliokulia maji ya ukanda ule, lakini yalikuwa imara. Alizibonyeza fizi kwa kidole, mbele na nyuma. Zilikuwa ngumu na hazikutoa tone la damu. Pumzi ilinuka chai ya tangawizi.

"Wajukuu zako wanaitwa nani?"

"Unataka majina ya shule au ya nyumbani? Mkubwa ulimpa jina la baba yake, halafu baba mwenyewe akakimbilia Tunduma. Wa pili ni yule mwenye kiburi kama chako. Niendelee?"

"Basi, inatosha."

Nakijwa aliketi juu ya ndoo iliyofudikizwa. Mama yake alikuwa na akili timamu, na ulimi wake ulikata kama zamani. Kinywa chake kilikuwa safi kuliko cha Nakijwa mwenyewe. Kwa nini basi mswaki wake ulikuwa ukiwaka mwekundu?

Miswaki hiyo iligawiwa na Bodi ya Wazee kwa kila aliyevuka miaka sabini. Kabla ya kusugua, mzee huweka dole gumba kwenye mpini ili mswaki umtambue. Kisha mswaki huonja mate yake na damu ya fizi, ukitafuta vijidudu vinavyozaliana kwenye fizi zilizooza, vikaingia kwenye damu na hatimaye kufika kwenye ubongo. Hufuatilia pia mwendo wa mkono, kwa sababu mtu anayeanza kusahau huruka magego, au husugua jino lilelile mpaka povu linakauka. Mpini ukiwaka kijani, mzee yuko salama. Ukiwaka njano anaonywa. Ukibaki mwekundu, dole lake linafungwa: hauzi, hanunui, hapigi kura, hakubali wala hakatai kitu mpaka apewe msimamizi. Bodi ilisema hatua hiyo inawalinda wazee wasiibiwe na watoto wao. Nakijwa, ambaye ameuza chakula cha kuku muda wa kutosha kujua mtu anavyochanganya mchanga kwenye pumba, hakuamini neno hilo moja kwa moja. Lakini hakuwahi kusikia mswaki ukikosea.

"Alhamisi wanakuja kukuchukua," alisema. "Nimepata ujumbe. Wanataka kukung'oa meno ya nyuma yote na kukuchoma dawa ya ubongo. Mtu mzima, mwenye fizi kama za msichana. Nani anagusa mswaki wako, mama?"

Bi Mwanaidi aliinamia maharage yake. "Nani aguse mswaki wa mtu?"

Wakati huohuo Bi Zaituni alitoka jikoni na sufuria ya makande. Yeye alikuwa mke mdogo wa marehemu baba yake Nakijwa. Wake wenza hao wawili walikuwa wameishi ua mmoja tangu Nakijwa hajaota meno, na mume wao alipofariki waliendelea kuishi pamoja. Bi Zaituni alimwona mgeni, akajifunika mdomo kwa pindo la kanga.

"Shikamoo, mama mdogo."

Bi Zaituni hakuitika. Alimtazama Bi Mwanaidi kwanza, kama mtu anayeomba ruhusa, na Bi Mwanaidi akatikisa kichwa kidogo. Ndipo akasema, "Marahaba. Za safari?"

Nakijwa aliiona ishara ile, akaiweka moyoni. Wakati wa kula aliona mengine. Bi Zaituni hakutafuna punje hata moja. Bi Mwanaidi alimpondea makande kwa mgongo wa kijiko, harakaharaka, kisha akayafunika na mchuzi. Bi Zaituni aliuliza za safari mara ya pili, na Bi Mwanaidi akadakia kwa kupiga kelele juu ya kuku aliyeingia jikoni, ingawa hakukuwa na kuku.

Wananificha kitu, Nakijwa aliwaza. Au huyu mmoja anamficha kitu mwenzake.

Alasiri alikuja Hatibu, mtoto wa pekee wa Bi Zaituni, na mfuko wa nyama mkononi. Alikuwa mnene mwenye kicheko cha karibu, fundi wa kufunga vifaa vya Bodi kwa kata nzima.

"Dada Nakijwa! Umekuja kutupeleleza?"

"Ndiyo."

Alicheka mpaka akashika tumbo. "Huyu dada hajabadilika! Pole kwa mama mkubwa. Ndiyo uzee, tutafanyaje? Mimi mama yangu, alhamdulillahi, kila asubuhi kijani."

"Kila asubuhi?"

"Kijani kama jani la mgomba."

Nakijwa alimwangalia Bi Zaituni, aliyekuwa akifunga fundo la kanga yake, akilifungua, akilifunga tena. Shamba la huyu mama lilikuwa na chemchemi. Marehemu baba yao alimgawia kila mke shamba lake: mkubwa alipata la tangawizi, mdogo akapata lile la juu lenye maji. Kule mjini ilikuwa inajulikana kwamba kampuni moja ya maji ya chupa inatafuta chemchemi za milima hii kwa udi na uvumba. Njia ya kuifikia chemchemi ile ilikatiza katikati ya shamba la Bi Mwanaidi. Kumbe ni hivyo, Nakijwa aliwaza. Dole la mama yangu likifungwa, hakuna wa kuwazuia njia. Na anayelala chumba cha pili kutoka kwa mama yangu ni nani?

Asubuhi iliyofuata, baada ya sala ya alfajiri, alijibanza nyuma ya tangi la maji.

Wake wenza walitoka pamoja, kila mmoja na kikombe chake, wakaketi kwenye jiwe la kufulia. Miswaki yao ilikuwa ya aina moja, ila wa Bi Mwanaidi ulifungwa uzi wa bluu. Bi Mwanaidi aliweka dole lake kwenye mpini wa uzi wa bluu, ukalia kidogo. Bi Zaituni akaweka lake kwenye wa kwake, nao ukalia. Halafu Bi Zaituni akanyoosha mkono, akauchukua mswaki wa uzi wa bluu na kuutia mdomoni mwake.

Nakijwa alitoka mbio.

"Nimekukamata! Mchawi mkubwa wewe! Unamharibia mama yangu mswaki ili uchukue shamba!"

Aliukwapua ule mswaki. Povu lililomtoka Bi Zaituni mdomoni lilikuwa jekundu kwa damu, na harufu yake ilimfanya Nakijwa ageuze uso. Fizi zilikuwa zimevimba na kulegea, na meno mawili ya mbele yalicheza yenyewe alipokuwa akihema. Mpini uliwaka mwekundu mkononi mwa Nakijwa.

Bi Zaituni hakujitetea. Alirudi nyuma mpaka akagusa ukuta, akamshika Bi Mwanaidi mkono kwa mikono yote miwili.

"Mwanaidi," alisema kwa sauti ya mtoto. "Huyu mama anayetupigia kelele ni nani?"

Bi Mwanaidi alimfuta mwenzake mdomo kwa kanga yake mwenyewe, taratibu, akamgeukia binti yake.

"Umefurahi?"

*

Walizungumza jikoni, Bi Zaituni akiwa ameshalazwa.

"Ilianza na mwenzangu kusahau chumvi," Bi Mwanaidi alisema. "Akawa anatia mara mbili. Halafu akaanza kuniuliza mzee anarudi lini kutoka shamba. Mzee tuliyemzika naye. Na kinywa kilikuwa kinamuuma, hataki kukigusa. Nilijua mswaki utamsema."

"Kwa hiyo mkabadilishana."

"Tunaweka madole, kisha tunabadilishana. Hakijui kitu kile. Kinajua dole tu."

Waliotengeneza kifaa kile walikiwekea kila aina ya kinga: ya maji, ya mshtuko, ya wizi. Hawakufikiria kwamba kuna watu watakaochangia mswaki. Lakini wanawake hawa walichangia mume, jiko na kitanda cha uzazi, na kila mmoja aliwahi kumnyonyesha mtoto wa mwenzake. Mswaki ulikuwa kitu gani kwao?

"Mama, fizi zako zingeweza kuambukizwa."

"Nausafisha kwa maji ya moto na chumvi kabla sijaurudisha. Unadhani mimi mjinga?"

"Lakini kwa nini ukubali kuitwa mwendawazimu kijiji kizima? Umekataliwa sukari dukani!"

"Nisikilize." Bi Mwanaidi alisogeza kigoda. "Likifungwa dole langu, msimamizi wangu ni wewe. Wewe una mdomo mbaya lakini huibi. Likifungwa dole lake, msimamizi ni Hatibu. Hatibu atauza chemchemi kabla jua halijatua. Kwa hiyo nikasema, afadhali nifungwe mimi. Kesho wakija, waambie Zaituni ndiye mama yako. Aende kwa jina langu, atibiwe hizo fizi. Mimi nitabaki hapa kwa jina lake."

Nakijwa aliona jinsi hesabu ile ilivyokuwa nzuri, na akaona pia kwamba kuna mahali haikai sawa. Ilimchukua muda kupajua.

"Mama, dole la mama mdogo sasa hivi liko wazi?"

"Liko wazi. Ndiyo maana ya yote haya."

"Na Hatibu akija na mashine ya mauzo, akamwambia, mama weka dole hapa, ataweka?"

Bi Mwanaidi aliutazama mlango wa chumba alikolala mwenzake.

"Msimamizi akitaka kuuza, Bodi inaleta mtu kukagua," Nakijwa aliendelea. "Inauliza majirani, inauliza bei. Mzee mwenye kijani akiuza, hakuna anayeuliza chochote. Mswaki umeshathibitisha kwamba ana akili zake. Hatibu hahitaji mama yake afungwe. Anahitaji mama yake abaki kijani na asijue anachofanya."

"Astaghfirullah."

"Nani aliwafundisha kubadilishana?"

Sufuria ilikuwa ikichemka na kumwagika, lakini Bi Mwanaidi hakuinuka.

"Hatibu," alisema hatimaye. "Ndiye aliyetufungia miswaki. Alikuja akanikuta nalia. Akasema, mama mkubwa, usilie, mimi nitakuonyesha. Nikamwombea dua, Nakijwa. Nilimwombea dua mtoto yule."

Nakijwa aliipua sufuria.

"Kesho nasema ukweli."

"Ukisema, wanamfungia. Utakuwa umemkabidhi kwa Hatibu kwa mkono wako."

"Nisiposema, ameshakabidhiwa."

"Na mimi je? Kudanganya kipimo ni kosa."

"Najua, mama."

"Unajua, na utasema."

"Nitasema."

"Nilikuzaa mwenyewe," Bi Mwanaidi alisema, "lakini kuna siku nakuogopa."

*

Afisa wa Bodi aliitwa Mbonea, kijana mwenye koti la kijivu na viatu visivyofaa kwa mlima. Hatibu alikuwa ameshamtangulia uani, amevaa kanzu safi, anapanga viti na kucheka. Alimbusu mama yake kwenye paji la uso.

"Mgonjwa ni yupi?" Mbonea aliuliza.

Bi Mwanaidi alimsukuma Bi Zaituni mbele kidogo. Hatibu hakusema neno. Nakijwa aliona jambo hilo. Mtu ambaye mama yake mzazi anaitwa kwa jina la mwingine angeshangaa, lakini Hatibu alitabasamu tu na kukunja mikono.

"Mama Nakijwa ni huyu?" afisa alimuuliza Nakijwa, akitayarisha mashine yake.

Hapo ndipo palipokuwa na uamuzi. Angesema ndiyo, watu wote uani wangepata walichotaka siku hiyo. Mama yake angemsamehe. Bi Zaituni angesafishwa fizi na kurudi nyumbani. Yeye mwenyewe angerudi Moshi kwa gari la mchana, na kuku wa watu wangekula.

"Si huyu," alisema. "Mama yangu ni yule, na kinywa chake ni kizima. Walikuwa wanabadilishana miswaki. Kijani ni cha mama yangu. Nyekundu ni ya mama mdogo. Wapime upya hapahapa."

Kicheko cha Hatibu kilikatika. "Dada, unasema nini mbele ya mgeni? Bwana Afisa, dada yetu ana msongo, biashara yake..."

"Wapime," Nakijwa alirudia.

Mbonea aliwapima kwa kipimo chake cha mkononi, kijiti kipya kwa kila mmoja. Kisha aliketi, akavua miwani na kuifuta ingawa haikuwa na vumbi.

"Sijawahi kukutana na kitu hiki," alikiri. "Bi Zaituni amechelewa sana kutibiwa. Fizi zitasafishwa, zitapona. Alichosahau hakitarudi, lakini kilichobaki tunaweza kukizuia kisiende. Bi Mwanaidi, wewe umedanganya kipimo cha Bodi. Dole lako litabaki limefungwa, chini ya binti yako, mpaka kikao kikae. Sijui kitakaa lini."

Bi Mwanaidi aliitika kwa kichwa, macho yakiwa chini.

"Na la mama yangu?" Hatibu alisogea. "Mtoto wake ni mimi tu. Nitaweka dole wapi?"

"Subiri, bwana. Kwenye kumbukumbu zetu mama yako hajawahi kuwa mwekundu hata siku moja. Leo ndiyo mara yake ya kwanza. Mzee wa mara ya kwanza anaulizwa yeye mwenyewe, kabla hatujafunga, nani amshikie dole lake."

Mpango wa Hatibu mwenyewe ndio uliompa mama yake haki ya kuulizwa. Akapiga magoti mbele ya kiti cha mama yake, akamshika mikono.

"Mama, sema. Sema Hatibu."

Asubuhi ile Bi Zaituni alikuwa amekuja, kama Bi Mwanaidi alivyozoea kusema akili za mwenzake zikitulia. Ziko asubuhi alizokuwa anakuja. Alimpapasa mwanawe kichwa.

"Hatibu mwanangu nampenda," alimwambia afisa. "Akinishika hivi, nampa chochote. Hata sasa angeniomba ningempa." Akainua macho, akamtafuta mtu, akampata karibu na tangi la maji. "Yule pale hanipendi. Tangu mdogo. Alikuwa anahesabu vipande vya nyama nilivyompakulia, aone kama nimempunja. Jana kaniita mchawi."

"Mama mdogo, nisamehe," Nakijwa alisema.

"Sitaki radhi zako. Nasema, mpe yule. Hatanibembeleza, na hakuna atakayeweza kumbembeleza yeye."

Afisa alimsogezea Nakijwa mashine. Nakijwa alitaka kukataa. Alikuwa na duka, watoto wawili walio chuoni, na hakuwa amekuja mlimani kuongezewa mzigo. Lakini kila mtu alikuwa akimtazama, na yeye ndiye aliyeufungua mdomo. Akaweka dole. Mashine ikasoma kwa sauti: shamba la tangawizi, chini ya Nakijwa; shamba la chemchemi, chini ya Nakijwa.

Bi Zaituni alipandishwa kwenye gari. Alimpungia Bi Mwanaidi mkono kama mtu anayekwenda sokoni. Mbonea aliahidi kumrudisha fizi zikikauka, na gari likashuka likifunga breki kila kona.

Hatibu alibaki. Alijipangusa magoti, akamsogelea Nakijwa na kusema polepole, bila hasira, karibu kwa upole:

"Dada, kampuni haijali nani anauza. Sasa chemchemi ni yako na njia ni yako. Bodi ikija kukagua, nani atabisha? Wanalipa vizuri kuliko unavyofikiri. Una watoto chuoni."

Mgombani kuku walikuwa wakiparua majani. Nakijwa alisikia kila ukucha.

"Toka hapa," alisema.

Hatibu aliinua mabega, akaokota viatu vyake na kwenda zake. Nakijwa aligeuka ili aingie ndani, akamkuta mama yake amesimama mlangoni akimwangalia kwa yale macho ambayo yeye Nakijwa alikuwa amewaangalia nayo wote tangu Jumanne.

"Ulichelewa kumjibu," Bi Mwanaidi alisema.